Samaki Waliozaa Juu ya Mchanga

Nitaanza na aibu yenyewe, nisije nikaizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mimi Marthe, ambaye hata nikitumwa dukani nanong'ona mpaka muuzaji ananiuliza kama ninaumwa koo, ndiye niliyemkosesha dada yangu pesa za chuo kikuu, mbele ya wanawake wote wa mchanga wa Kashikishi tunapoanika samaki, na nilimkosesha kwa kumsaidia. Basi, limetoka. Sasa naweza kueleza taratibu, kwa kuwa watu wanaisimulia kila mmoja kwa namna yake na katika kila namna mimi natoka mwizi au natoka mjinga, na ukweli ni kwamba sikuiba hata samaki mmoja (shida ilikuwa kinyume chake kabisa, mtaona).

Dada yangu anaitwa Solange. Mimi namwita yaya, kama watu wa kwao mama wanavyomwita kila aliyekutangulia tumboni. Mama ni mtu wa Kilwa, upande wa Kongo, alivuka ziwa akiwa msichana kuja kuuza vitenge akabaki kwa ajili ya baba, na baba alikuwa mvuvi wa hapa hapa Nchelenge, Mungu amlaze pema. Kwa hiyo ndani ya nyumba tunaongea Kiswahili cha mama (ambacho "ndiyo" yake ni "njo"), nje Kibemba, shuleni Kiingereza, na mimi katika lugha hizo zote tatu sina sauti. Mama anasema yaya alizaliwa akiwa anauliza swali na mimi nilizaliwa chini ya meza.

Yaya alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, huko Lusaka, anasoma mambo ya viumbe vya majini. Baba alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa anatafuta kile ambacho serikali hailipi, na alipofariki, baba mkubwa alishika kidogo halafu akaachia, akasema na yeye ana watoto. Likizo ile yaya alikuja nyumbani akiwa na tumaini moja tu. Chuoni kwao kulikuwa na mfuko wa utafiti wa wanafunzi: unaandika unataka kuchunguza nini, ukichaguliwa wanakulipa mshahara likizo nzima kama mfanyakazi, unafanya utafiti wako na mwalimu anakusimamia, na kama una akili unaweka ule mshahara, unalipia mwaka unaofuata. Wengine waliomba ili wanunue nguo na redio. Yaya aliomba kwa sababu bila hiyo hakuna kurudi, na alituambia hivyo hivyo tukiwa tunakula, bila kulia, akimega bukari, ugali wetu: "Wakinichagua, ninarudi. Wakinikatala, ni kwisha." Mama akasema watamchagua, na akamwongezea mboga.

Sasa sikilizeni jambo la samaki, kwa sababu bila samaki hamtaelewa. Ziwa letu lina samaki mdogo anaitwa chisense, ni kama dagaa, mfupi kuliko kidole, anavuliwa kwa taa usiku wa giza (mwezi ukiwaka hafuati taa, kwa hiyo wavuvi wake wanalala nyumbani kama watu wengine). Asubuhi anaanikwa juu ya mchanga wa ufukoni, na hapo ndipo anapopotea: bata, kuku, kunguru, watoto wanaopita, upepo, mguu wa mtu, na wengine wanavunjika wanakuwa unga uliochanganyika na mchanga. Kila mwanamke wa hapa anajua kwamba samaki anapotea, ila hakuna aliyewahi kukaa akauliza anapotea kiasi gani. Hilo ndilo lilikuwa swali la yaya. Alitaka kulinganisha samaki wa mchangani na samaki walioanikwa juu ya wavu uliofungwa kwenye miti, kimo cha kiuno, aone tofauti. Mwalimu wake, Dokta (jina lake naliacha, hana kosa), alikuwa na safari ya kuja huku kwa kazi nyingine ya uvuvi, akamwambia yaya: fanya jaribio dogo, nikifika unionyeshe, nikiliona kwa macho yangu nitakusemea kwenye kamati, maana waombaji ni wengi na wengi wao wanaandika mambo ambayo hawajawahi kuyagusa.

Mama akatoa ndoo mbili za chisense wabichi waliotoka ziwani asubuhi ile. Yaya akazipima kwenye mizani ya mfanyabiashara jirani mpaka uzito ukawa sawasawa, ndoo moja akaimwaga mchangani, nyingine juu ya wavu, zote pembeni ya pale mama anapoanika samaki wake wa kuuza. Kisha ikabidi aende mjini Mansa. Ombi lenyewe lilitakiwa liandikwe kwa mashine, na mashine aliyoahidiwa hapa kwetu ilikuwa imefungiwa ofisini, mwenye ufunguo yuko msibani.

"Marthe," aliniambia, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya minibasi, "kazi yako ni kukaa tu. Mvua ikitaka kunyesha, funika zote mbili. Kingine chochote, hapana gusa."

"Na bata wakikuja?"

"Acha wakule."

Nilimwangalia.

"Minasema kweli. Bata njo utafiti. Kuku njo utafiti. Ya kuliwa iliwe, ya kupotea ipotee, mi nitapima kile kitabakia."

"Na watu wakiniuliza?"

"Waambie yaya anajua."

Nikaitikia kwa kichwa. Nataka mjue kwamba nilielewa. Si kwamba sikuelewa. Kichwa kilielewa vizuri kabisa, kilichokataa ni mkono.

Kwetu mtoto anapewa fimbo ya kulinda samaki kabla hajajua kujifunga viatu. Ukiachiwa samaki, wenyewe wakirudi wawakute kama walivyowaacha, na kama fungu limepungua hakuna anayemuuliza bata, wanakuangalia wewe, wanaangalia na tumbo lako. Sasa mimi niliyelelewa hivyo nimeambiwa nikae, niangalie bata anakula samaki wa yaya yangu, nisifanye kitu. Siku ya kwanza alikuja bata mmoja mweupe na watoto wake nyuma, wakaingia katikati ya samaki kama watu wanaoingia kanisani, na mimi nilikaa. Niliikalia fimbo yenyewe ili mkono usinikosee.

Mama Chanda akaniona. Huyu ni jirani yetu wa pale mchangani, Mbemba, anaongea Kiswahili cha kuuzia samaki, na ulimi wake unafika kabla yake.

"We Marthe," alisema, "unafuga bata?"

"Hapana, mama."

"Basi juu ya nini unabaangalia vile, kama uko sinema?"

"Yaya anajua," nilisema, lakini nadhani nilisemea kifuani.

"Nini?"

"Yaya anajua."

"Yaya iko Mansa. Bata iko hapa." Akawageukia wenzake. "Mwanaume atakayeoa huyu atakula mchanga."

Wanawake wakacheka, si kwa ubaya, wanacheka hivyo hivyo kila siku kwa kila mtu, lakini mwaka ule watu wengi walikuwa wamevuka kutoka ng'ambo kwa ajili ya vita na mchanga wote ulikuwa umejaa, kwa hiyo walionicheka walikuwa wengi kuliko kawaida, na wengine sikuwajua hata kwa sura. Nikasikia masikio yanawaka. Bata alikuwa ameondoka na pale alipokula pamebaki shimo, unaona mchanga wenyewe. Nikainuka. Nikaenda kwenye samaki wa mama, waliokwisha kukauka, nikachota konzi moja, nikaja nikafunika lile shimo.

Kosa lilianza kidogo hivyo. Konzi moja. Ningeishia hapo nadhani hata Dokta asingeona.

Lakini lazima niwaeleze mbasela, kwa wasiotoka huku. Sisi hapa hakuna kipimo kinachoishia kwenye kipimo. Ukinunua sahani ya chisense, muuzaji anajaza mpaka samaki wanaanza kuteleza, halafu anaongeza konzi moja juu, na hiyo konzi ndiyo mbasela, hailipiwi, na asiyetoa mbasela watu wanampita kama wanavyopita nyumba yenye mbwa mkali. Mkono wangu umeijua mbasela tangu siku nyingi. Kwa hiyo nilipokwisha kufunika shimo, mkono wenyewe ukarudi ukachota konzi nyingine ukaiweka juu, na mimi nikiwa bado nafikiria maneno ya Mama Chanda. Halafu nikatazama samaki wa kwenye wavu. Wale hakuna bata aliyewafikia, hawakuwa na shida yoyote, lakini niliona si vizuri kumpa mteja mmoja na kumwacha mwingine anatazama, wakati wote ni wa yaya. Nikawaongezea na wao.

Baada ya hapo ikawa kazi. Bata wakila, ninaongeza. Upepo ukipita, ninaongeza. Mtoto fulani alipita akachota wachache akitafuna, nikaongeza mara mbili, kwa hasira. Na tangu nianze kuongeza Mama Chanda hakusema tena kitu, alipita tu akaguna "Ehe," na mimi hiyo "Ehe" niliibeba siku nzima kama zawadi. Mama mwenyewe aliniona nikichota kwenye samaki wake. Hakukasirika. Alisimama na beseni lake kichwani, akatazama, akasema: "Njo vile. Kitu ya mutu hairudishwe yenye kupunguka."

Naweza kusema kwa unyofu kwamba nilikuwa na furaha. Mara nyingi mimi nafanya mambo nikiwa nimeambiwa, na hata hivyo nayafanya nusu. Hapa nilikuwa nafanya kitu kizima kutoka kichwani mwangu. Nilikuwa namwona yaya anashuka kwenye minibasi, anafika mchangani, anakuta mafungu yake mawili yamenona, anasema, Marthe, kumbe wewe ni mtu.

Yaya alirudi siku ile ile ambayo Dokta alifika, na hilo si kosa la mtu, minibasi ilikaa Mansa ikingoja kujaa na Dokta aliwahi. Land Cruiser nyeupe ilikuwa tayari imesimama karibu na mitumbwi wakati yaya anakuja anakimbia kutoka barabarani, karatasi zake zimefungwa kwenye plastiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakupata muda wa kuangalia samaki. Alinishika bega tu akipita, akauliza, "Hakukunyesha?" nikasema hakukunyesha, na akaenda kumsalimia mwalimu wake.

Dokta alikuwa mtu mnene mpole, alikuwa amevua viatu vyake mwenyewe bila kuambiwa na kukunja suruali, akawasalimia wanawake kwa Kibemba, mukwai huku mukwai kule, mpaka wakampenda. Walimzunguka. Mama alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili. Yaya akaanza kueleza, na nilipomsikia nilisahau kuogopa, kwa sababu alikuwa anaeleza vizuri, Kiingereza kwa Dokta halafu Kibemba kwa wanawake, samaki anapotea wapi, anapotea namna gani, mtu angejua kiasi angeweza kufanya nini, na wanawake walikuwa wanaitikia, na Dokta alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayekula kitu kitamu. Nilijisemea, atapata. Hakuna namna asipate.

"Haya," Dokta alisema, "tupime."

Wakapima kwanza samaki wa kwenye wavu. Dokta akainama akasoma mizani, akaigonga kidogo kwa kidole. Wakapima wa mchangani. Akasoma. Akasema tupime tena. Wakapima tena. Akamuuliza yaya, walipokuwa wabichi walikuwa na uzito gani, yaya akamwambia, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika kwa sababu na yeye alikuwa amesoma mizani. Samaki wakikauka maji yanakwenda, wanabaki wepesi, hilo hata mimi najua, na wa mchangani ndio waliotakiwa wawe wepesi zaidi. Hapo wa mchangani ndio walikuwa wazito. Nilikuwa nimewaongezea wao zaidi, kwa sababu ya bata.

Dokta akasimama wima, akajifuta shingo. "Solange," alisema kwa Kibemba, na wote wakasikia, "wenzako wakianika samaki wanapungua. Wako wamezaa."

Wanawake wakacheka sana. Na mimi nilicheka. Hicho ndicho ninachokikumbuka kwa uchungu kuliko vyote, kwamba nilicheka pamoja nao, kwa kufurahi, kwa kuwa nilidhani ametusifu. Halafu nikaona uso wa yaya, na kicheko kikanibaki mdomoni kama chakula kibaya ambacho huwezi kutema mbele ya wageni.

Dokta alichuchumaa akaanza kuchambua samaki kwa vidole. Hawa weupe, wanang'aa. Hawa wamegeuka manjano, wamekauka zamani. "Hawa si wa siku moja," alisema polepole. "Nani amewagusa?"

"Hakuna, Dokta," yaya akasema. "Mdogo wangu ndiye alikuwa analinda."

Na wote wakageuka. Ule mchanga mzima, wa huku na wa ng'ambo, wakageuka kunitazama mimi, niliyezaliwa chini ya meza.

Ningesema kitu pale pale labda ingekuwa nafuu, lakini mama alinitangulia. Kwa mama, mizani ikiletwa na mtu mkubwa akauliza nani amegusa, maana yake ni moja tu tangu dunia iumbwe: mtoto wako anaitwa mwizi. Alipita katikati ya watu akaja akasimama mbele yangu.

"Dokta," alisema, "mutoto wangu hapana mwizi. Uliza mutu yote ya hapa. Huyu hata sukari ya nyumba hagusi. Kama kunapunguka, mi mama yake nitarudisha."

"Hakuna kilichopungua, mama," Dokta akasema.

"Nitarudisha hata vile." Akainama kwenye samaki wake, akajaza sahani mpaka ikawa kichuguu, akaja akaimwaga yote juu ya mizani, juu ya samaki wa yaya, mshale ukaruka. Kisha akaongeza konzi moja. "Na hii ni mbasela yako wewe, juu ulitoka mbali."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Chanda akapiga makofi, akasema Solange ana mama. Na Dokta, ambaye nadhani alikuwa ameshaelewa kila kitu, akapiga viganja vyake polepole kama inavyotakiwa huku ukipewa kitu, akamshukuru mama kwa heshima, na hakucheka.

Yaya alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alinitazama mimi tu.

"Marthe."

"Yaya."

"Uliongeza?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, ya nyumbani, na ningeweza kumjibu kwa kichwa, yeye angeona na wengine wasingejua. Sauti yangu, ambayo siku zote haitoki, siku hiyo ilitoka yote.

"Kidogo tu, yaya. Kila mara bata walikula. Na ile ya wavu pia niliongeza, isione wivu."

Mchanga wote ukapasuka kwa kicheko. Nilisikia maneno yangu yanakwenda kutoka mdomo mmoja mpaka mwingine, kwa Kiswahili, kwa Kibemba, mpaka kwa wavulana waliokuwa wanashona nyavu kule mwisho, "isione wivu," na mpaka leo kuna wavulana wakikutana na mimi njiani wanaambiana msimpite bila salamu, asione wivu. Sikukimbia. Watu wanasema nilikimbia lakini sikukimbia, nilienda tu nyuma ya gari.

Dokta alimvuta yaya pembeni, kwenye kivuli cha gari. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gari lile lile (ndiyo faida ya mtu ambaye hakuna anayemwona) na nikasikia.

"Nitaanza upya," yaya alikuwa anasema. "Nitakaa mimi mwenyewe. Sitatoka."

"Lini, Solange?"

Yaya akatazama ziwa. Mwezi ulikuwa umeshaanza kunenepa. Wavuvi wa chisense walikuwa wameshatundika taa zao, hakuna ambaye angeingia ziwani mpaka giza lirudi, na kamati ilikuwa inakaa kabla giza halijarudi. Wote wawili walijua, mmoja kwa vitabu na mmoja kwa kuzaliwa hapa.

"Ombi lako nitalipeleka," Dokta alisema. "Swali lako ni zuri."

"Unaamini sikutaka kudanganya?"

"Nakuamini. Lakini wataniuliza niliona nini. Na mimi niliona nini?"

Wakarudi kwa watu. Mama alikuwa ameshafunga samaki wote kwenye mfuko, wa wavu, wa mchanga, na wa sahani yake, wote pamoja, akawa anampa Dokta abebe. Dokta alikataa mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili akapokea, kwa kuwa kukataa mara ya pili ni kumtukana mwenye kutoa. Mfuko ulikuwa mzito, mama hakuweza kuufunga vizuri, na aliyekuja kuukaza kamba ni yaya. Akaufunga fundo zuri, akauweka nyuma ya gari, akapunga mkono.

Jioni mama akamuuliza, "Alifurahi?"

"Alifurahi, mama."

"Niliona. Alipokea na mikono mbili."

Nilisubiri yaya anipige au anitukane. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimejiandaa, hata nilikaa karibu na yeye ili asisumbuke kunifuata. Alisafisha viatu vyake vya safari, akavitia magazeti ndani, akaniuliza kama nimemaliza kazi za shule.

Majibu yaliletwa na Bertha, msichana wa Nchelenge anayesoma naye chuo kimoja, aliyekuja kuona wazazi wake. Majina yalibandikwa ukutani na la yaya halikuwepo. Bertha alisema hilo akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Mama akasema, "Ni juu yangu. Waliona mama yake ni mutu wa ng'ambo." Nilimtazama yaya nikingoja amwambie hapana, mama, si hivyo. Yaya aliniangalia kwanza mimi, kisha mama, kisha ile sahani ya kupimia samaki iliyokuwa mezani mbele ya mama, na akasema labda. Mpaka leo mama anaamini hivyo. Sijui ni lipi lingemuuma zaidi, hilo au kujua kwamba ni samaki tuliowaongeza, na yaya hajaniambia kama anajua.

Sasa yaya anafundisha watoto wa shule ya msingi kule Kafutuma, bila cheti, wazazi wanamlipa wanavyoweza. Anasema ni kwa muda. Mimi nimejiapia mambo mawili. La kwanza, nikiambiwa acha, nitaacha, hata bata wakija na ukoo wao mzima, hata Mama Chanda akiita watu wa Kongo yote waje wanicheke. La pili, yaya atasikia kutoka mdomoni mwangu kwamba najua nilichomfanyia, na sitaandika tu. Hili la pili bado.

Nilijaribu siku wanafunzi walipokuwa wanarudi chuo. Yaya aliamka mapema akaoga, akavaa gauni lake la safari, nikashtuka, nikadhani kuna kitu kimepatikana. Alikuwa anakwenda tu kumsindikiza Bertha, na nikaenda naye. Kituoni Bertha alitoa kichwa dirishani, akasema, "Solange, panda, tutabanana," kwa mzaha, halafu akaona si mzaha, akarudisha kichwa. Yaya akasema, "Tangulia, mi nitakuja." Basi likaondoka, na tulisimama mpaka vumbi likatulia kwenye gauni lake.

Tukarudi kwa miguu. Baada ya kitambo akasema, "Niongeleshe kitu, Marthe."

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelipanga tangu tunatoka nyumbani, nalo lilikuja likafika hapa juu kabisa, nikafungua mdomo, nikamwambia kwamba sokoni mihogo imeshuka bei.

"Ni vizuri," akasema, na akanishika mkono tuvuke barabara, kama vile bado mi ni mdogo.